MWILI HUJITAWALAJE? Somo juu ya Damu na Homoni, kwa Ndugu wa Shinyanga na Geita



Ndugu mmoja anayefanya kazi ya uchimbaji karibu na Katoro, mkoani Geita, aliniuliza hivi baada ya darasa la magharibi: "Mwalimu, mtu akifunga tangu alfajiri hata jua kuchwa, naye yumo ndani ya duara anapiga mwamba, ni nani anayeugawia mwili wake chakula wakati yeye mwenyewe hali?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mlezi wa viumbe vyote. Jibu hilo ni kweli, lakini muulizaji alikuwa akilijua tayari, na sidhani kama alikuja darasani ili ajibiwe analolijua. Yeye alitaka kufahamu njia ambazo Mlezi huyo amezipitisha ndani ya mwili. Basi nimesoma, nimemsumbua tabibu wa zahanati ya jirani kwa maswali mengi, na leo naleta jibu lililo kamili zaidi. Ninayo pia sababu ya pili ya kuliandika somo hili, nami nitaieleza huko mbele. Si sababu ya kujivunia.

Tuanze na damu, kwa kuwa ndiyo barabara ya mambo yote tutakayoyataja.

Mwanamume mzima ana damu ipatayo lita 5, yaani galoni ndogo ya mafuta ya kula. Zaidi kidogo ya nusu yake ni maji maji ya rangi ya manjano yaitwayo plazima, na sehemu iliyobaki karibu yote ni chembe nyekundu. Chembe hizo hubeba hewa safi ya oksijeni kwa kitu kiitwacho himoglobini, ambacho ndani yake mna madini ya chuma. Chembe moja huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na chuma chake hukusanywa na kutumiwa tena, wala hakitupwi. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na kila pigo husukuma mililita 70 hivi. Ukizidisha utaona kwamba karibu damu yote ya mwili hupita moyoni kwa dakika moja tu. Kwa mchana na usiku mmoja hayo ni mapigo zaidi ya laki moja, na lita zipatazo 7,000, yaani mapipa 35 yale ya lita 200 tunayoyaona kando ya karasha na mialo. Na pampu hiyo ina ukubwa wa ngumi ya mwenyewe.

Hesabu kama hiyo ndiyo iliyowatoa watu gizani. Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa dunia walimfuata Galen, tabibu wa karne ya pili baada ya Nabii Isa a.s., aliyefundisha kwamba damu hutengenezwa na ini kutokana na chakula, kisha viungo huinywa ikaisha, kama shamba linavyonywa maji ya mfereji. Alisema pia kwamba damu hupenya toka upande wa kulia wa moyo kwenda upande wa kushoto kwa vitundu visivyoonekana vilivyomo katika ukuta wa katikati. Hata Ibn Sina, mwenye kile kitabu mashuhuri cha Kanuni ya tiba, hakutoka katika rai hiyo.

Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeipinga kwa maandishi alikuwa Mwislamu, Ala-ud-Din Ibn al-Nafis, aliyesoma tiba Damascus na kufanya kazi Cairo. Mwaka 1242, akiwa bado hajatimiza miaka thelathini, aliandika sherehe ya kitabu cha Ibn Sina na humo akasema wazi kwamba ukuta wa moyo ni mzito, hauna vitundu vyovyote, vionekanavyo wala visivyoonekana. Kwa hiyo ni lazima damu itoke upande wa kulia, iende mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha ndipo irudi upande wa kushoto. Tena huyu hakuwa tabibu peke yake, bali alifundisha pia fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndugu zetu wengi wa pwani wanaijua. Alikufa mwaka 1288. Maandishi yake yalisahauliwa kabisa huko Ulaya, mpaka mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoikuta nakala ya sherehe hiyo katika maktaba ya Berlin. Nawataja wanachuoni hawa wawili pamoja kwa makusudi. Ibn al-Nafis alimheshimu Ibn Sina, akakisherehesha kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, na alipomwona amekosea alisema amekosea. Ndugu wanaotutembelea wakidhani kwamba kuamini dini ni kufunga macho, wamfikirie mtu huyu.

Mwingereza William Harvey ndiye aliyelikamilisha jambo hilo mwaka 1628. Alipima kiasi cha damu ambacho moyo unaweza kusukuma kwa nusu saa, akaona kwamba kinapita damu yote iliyomo mwilini. Basi hiyo ziada inatoka wapi? Hakuna chakula kinachoweza kutengeneza damu upesi hivyo. Akakata shauri kwamba damu ni ile ile, inazunguka: hutoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri na kurudi kwa mishipa iitwayo vena. Mahali mishipa hiyo miwili inapokutana hakupaona. Vile vijishipa vyembamba viitwavyo kapilari vilionekana mwaka 1661, Malpighi wa Italia alipotazama pafu la chura kwa hadubini.

Sasa tuje kwenye amri. Maana barabara bila ujumbe haina kazi.

Mwili una njia mbili za kupeleka amri. Moja ni neva, ambazo ni kama simu: upesi, na kwa mtu mmoja. Ya pili ni homoni, nazo ni kemikali zitolewazo na tezi mbalimbali na kumwagwa katika damu, ili ziende popote damu iendapo. Mpaka mwanzo wa karne ya ishirini wataalamu walidhani neva peke yake ndizo ziamrishazo. Mwaka 1902, mjini London, Bayliss na Starling walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata neva zote zinazokwenda kwenye kipande cha utumbo wake, kisha wakatia tindikali katika kipande hicho. Kongosho, tezi iliyoko mbali kidogo na hapo, ikaanza kutoa maji yake kama kawaida. Nani aliyeipa habari, hali neva zimekatwa? Jibu lilikuwa moja tu: habari ilikwenda kwa njia ya damu. Miaka mitatu baadaye Starling akazipa kemikali hizo jina la homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa damu hupeleka homoni kila mahali, mbona si kila kiungo kinachotii? Ndugu wa Usukumani hawatashindwa kulielewa hili. Unapopigwa mwano usiku kijijini, kila mwenye masikio huusikia, hata mtoto na mgeni. Lakini wanaotoka na kuelekea unakotoka ni wale waliofungamana na wito huo. Vivyo hivyo kila homoni hupita mbele ya viungo vyote, lakini hutiiwa na vile tu vyenye mahali palipoumbwa kuipokea, kama kitasa kinavyopokea ufunguo wake. Homoni ya hatari, adrenalini, itokayo katika tezi ndogo mbili zilizokaa juu ya figo, ndiyo inayomfanya mchimbaji anayesikia mwamba ukilia juu ya kichwa chake asikie pia moyo wake ukienda mbio. Kwa amri hiyo moja moyo huongeza mapigo, mishipa ya ngozi na utumbo hujibana, mishipa ya misuli ya miguu hufunguka, na ini hutoa sukari. Yote hayo hutokea kabla mtu hajamaliza kusema "Ya Allah!"

Tumrudie basi ndugu yetu ndani ya duara, amefunga, anatoka jasho. Kwanza maji.

Mtu afanyaye kazi nzito mahali penye joto aweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, na pengine zaidi. Maji hayo hutoka katika damu. Ifikirieni damu kama lambo la kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi: maji yakipungua, chumvi iliyomo huzidi ukali. Chini ya ubongo pako mahali paitwapo haipothalamasi, ambapo hupima ukali huo bila kupumzika, na mabadiliko madogo sana, hata asilimia moja au mbili, hutosha kupashtua. Hapo ndipo kiu inapozaliwa. Hapo pia hutengenezwa homoni iitwayo vasopresini, ambayo hutolewa na tezi ya pituitari, iliyo kiasi cha punje ya njegere ikining'inia chini ya ubongo. Homoni hiyo hushuka na damu hadi kwenye figo na kuziamuru zisiruhusu maji kupotea. Figo kwa kawaida huchuja lita zipatazo 180 kwa siku, nazo hurudisha karibu zote katika damu na kuacha lita moja na nusu hivi iwe mkojo. Zikipata amri ya vasopresini hurudisha zaidi, na mkojo huwa kidogo na wa rangi nzito. Kwa hiyo, ndugu anayeona mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi aelewe kwamba amri imefika na inatekelezwa, lakini pia kwamba lambo limepungua.

Figo nazo hazingoji kuamrishwa tu. Zikiona msukumo wa damu umeshuka, hutoa kemikali iitwayo renini, ambayo huanzisha mfululizo wa kemikali nyingine. Mwisho wake mishipa hujikaza ili msukumo usianguke, na zile tezi zilizokaa juu ya figo hutoa homoni ya aldosteroni inayozuia chumvi isipotee. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo.

Lakini tusidanganyike. Homoni zote hizo huzuia hasara tu, haziumbi tone moja la maji. Hata mtu asipokunywa kabisa, figo lazima zitoe karibu nusu lita kwa siku ili kuondoa takataka za mwili, na jasho haliulizi ruhusa. Ndiyo maana anayepiga mwamba tangu asubuhi huanza kuona kizunguzungu alasiri, moyo ukienda mbio ili kiasi kidogo cha damu kilichobaki kitoshe.

Habari ya sukari inashangaza zaidi. Katika damu yote ya mtu mwenye afya, lita zote tano, sukari iliyomo kwa wakati mmoja ni gramu 5 hivi. Ni kijiko kimoja cha chai! Na ubongo peke yake hutumia gramu zipatazo 120 kwa siku, ambazo ni gramu 5 kwa saa. Maana yake ni kwamba kama mwili usingekuwa na mpango wowote, mtu angezimia saa moja baada ya daku. Naye hazimii, hukaa saa kumi na tatu na kitu mpaka magharibi, akisema, akicheka na kufanya kazi, na kijiko kile cha sukari hakiongezeki sana wala hakipungui sana.

Mpango wenyewe ni huu. Baada ya kula, sukari hupanda, na kongosho hutoa homoni ya insulini. Insulini hufungua milango ya misuli na mafuta ili sukari iingie, na huliamuru ini liweke akiba. Akiba ya ini huitwa glikojeni, nayo ni kama gramu 100 kwa mtu aliyekula vizuri. Hicho ndicho kihenge cha nyumbani. Misuli nayo ina akiba yake, kubwa zaidi ya ile ya ini, lakini misuli ni michoyo: akiba hiyo huitumia yenyewe wala haiirudishi katika damu kwa ajili ya wengine. Saa zikipita na sukari ikianza kushuka, kongosho lile lile hupunguza insulini na kutoa homoni nyingine, glukagoni, inayolifungua ini. Kihenge huanza kupakuliwa kidogo kidogo. Kadiri kihenge kinavyoelekea kwisha mwili hugeukia mafuta, na ini hutengeneza sukari mpya kutokana na vitu vingine.

Mafuta ya mwili nayafananisha na ngitili. Wasukuma tangu zamani walitenga sehemu ya malisho wakati wa mvua, wakaikataza kwa ng'ombe, ili ifunguliwe wakati wa kiangazi kikali. Na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 mkoani Shinyanga uliifufua desturi hiyo baada ya nchi kuwa jangwa. Mwenye ngitili haogopi mwezi wa tisa. Vivyo hivyo mtu mwenye afya aliyefunga hafi njaa mchana mmoja; anatumia akiba iliyowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Daku ya ugali, au michembe na karanga, ambayo husagwa tumboni polepole, humsaidia kuliko chai yenye sukari nyingi, kwani sukari ya haraka huita insulini ya haraka, na njaa hurudi mapema.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sababu yangu ya pili.

Katika Ramadhani mojawapo alikuwapo miongoni mwetu mzee aliyejiunga na Jumuiya mwaka ule ule. Alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu mwaloni. Alifunga kwa bidii kuliko vijana, nami nikamsifu mbele ya watu, nikisema tazameni mzee huyu. Sikumwuliza habari ya afya yake. Siku ya kumi na moja, yapata saa tisa alasiri, wakamkuta mwaloni akitetemeka, nguo zimelowa jasho la baridi, anazungumza maneno yasiyoeleweka. Wenzake wengine walidhani amekunywa pombe, mwingine akasema amerogwa kwa sababu ya kubadili dini. Mwanamke auzaye chakula pale, ambaye si wa dini yetu, ndiye aliyesema, "Huyu ana sukari kama mume wangu," akamwekea sukari iliyokorogwa kwa maji mdomoni angali anaweza kumeza. Baada ya robo saa akawa anatujua kwa majina.

Kumbe mzee alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka minne, akimeza vidonge vya glibenklamidi. Alificha. Aliniambia baadaye: "Mwalimu, mimi mgeni katika dini. Ningekula mchana watu wangesema nini? Na wewe ulikwisha kunisifu." Maneno hayo ya mwisho ninayasikia mpaka leo.

Tuangalie jambo lililompata kwa nuru ya yale tuliyokwisha kuyasoma. Katika kisukari cha watu wazima mara nyingi insulini ipo, lakini milango haiitii vizuri, na baadaye kongosho huchoka. Vidonge vya aina ile hulilazimisha kongosho litoe insulini. Havijui kama mtu amekula au amefunga. Mzee alivimeza wakati wa daku, insulini ikatoka, ikaendelea kutoka mchana. Huku nyuma kazi nzito ikawa inanyonya sukari, na ini likazuiwa na insulini hiyo hiyo lisifungue kihenge. Kijiko kile cha chai kikapungua mpaka ubongo ukakosa chakula. Kutetemeka na jasho ni kazi ya adrenalini ikipiga mwano. Kuzungumza ovyo ni njaa ya ubongo. Si pombe, wala si uchawi. Na kama pasingekuwa na mama yule, pengine ningekuwa naandika habari za msiba.

Wala si kila dawa ya kisukari iliyo hivyo. Metformini, ikitumiwa peke yake, ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Insulini ya sindano ina hatari kubwa zaidi kuliko vidonge hivyo ikiwa kipimo hakikubadilishwa. Kwa hiyo mgonjwa asijipimie mwenyewe, wala asipimiwe na Mwalimu wa dini. Aende kwa daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, aulize: je, mimi ni wa kufunga au si wa kufunga? Wataalamu wameweka mipaka: sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, saumu ifunguliwe papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi kufikia magharibi. Na kuchomwa kidole ili kupima damu hakubatilishi saumu. Nimeona watu wanaojinyima kipimo hicho kwa kuogopa jambo lisilokuwapo.

Amri ya dini katika jambo hili ni wazi. Katika Sura ya pili ya Kurani Tukufu, pale pale saumu ilipofaradhishwa, mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kuacha na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa hutoa fidiya ya kumlisha maskini. Tena imeelezwa hapo kwamba Mungu hututakia wepesi wala hatutakii uzito. Tazameni kwamba ruhusa imewekwa pamoja na amri, si mbali nayo. Aliyeumba kihenge na ngitili ndani ya miili yetu anajua ni mwili upi ambao kihenge chake hakifunguki. Mzee wetu sasa hutoa fidiya. Kila Ramadhani humlisha mtu mmoja, na mwaka jana alinishangaza kwa kumchagua mjukuu wa yule mama auzaye chakula.

Kuhusu mchimbaji mwenye afya, ndugu yule wa Katoro, mimi simwamulii kwa gazeti. Wengine wamebadilishana zamu wakafanya kazi usiku, jambo ambalo limewafaa. Asiyeweza kubadilisha zamu amwendee mbashiri wake na kumweleza kazi yake ilivyo, bila kuona haya.

Kabla sijamaliza yako mambo mawili yahusuyo nchi yetu hii ya dhahabu.

La kwanza ni zebaki. Damu, ndugu zangu, haichagui mzigo. Barabara ile ile inayopeleka homoni hupeleka na sumu. Katika Rwamagasa, Nyarugusu na machimbo mengine mengi ya wachimbaji wadogo, dhahabu hushikwa kwa zebaki kisha huchomwa ili zebaki iondoke. Haiondoki, inageuka mvuke usio na harufu, na mtu akiuvuta, karibu asilimia 80 yake huingia katika damu kupitia mapafu. Kutoka huko hufika kwenye ubongo, ambapo huleta kutetemeka kwa mikono na usahaulifu, na hujikusanya katika figo, zile zile tulizoona zikichunga maji na chumvi. Kwa mwenye mimba huvuka hadi kwa mtoto. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kuipunguza sumu hii, ulioafikiwa mwaka 2013; lakini mkataba hauingii jikoni, na jikoni ndiko ambako wengine huchomea, juu ya kikaango kinachopikiwa mboga jioni. Asiyeweza kuiacha zebaki leo basi achomee ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kuurudisha mvuke uwe zebaki tena, nje, mbali na watoto. Hata gharama ya kununua zebaki nyingine itapungua.

La pili ni chumvi. Tezi iliyoko shingoni hutengeneza homoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani, na mtoto tumboni huihitaji ili ubongo wake ukue. Haiwezi kutengenezwa bila madini joto, ambayo mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito 250. Yakikosekana tezi huvimba, ndilo rovu. Wazee wa Usukuma walikuwa wakisafiri kwa misafara hadi Ziwa Eyasi kuchukua chumvi, safari ya mashujaa. Lakini leo, kwa ajili ya tezi hiyo, nunueni chumvi iliyotiwa madini joto kiwandani, muiweke katika chombo chenye kifuniko, wala msiianike juani.

Limebaki swali la mama mmoja wa Shinyanga, ambaye binti yake wa miaka kumi na miwili ana kisukari kile cha watoto, ambacho kongosho halitoi insulini kabisa. Kabla ya mwaka 1922 mtoto kama huyo hakuwa na tumaini. Mwezi Januari mwaka huo, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Banting na wenzake. Na wavumbuzi wakauuza uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu kwa dola moja moja. Mama huyu anapata dawa kliniki, lakini hana friji, naye aliuliza ataihifadhije katika joto la nyumba ya bati.

Achukue vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine. Nafasi iliyo katikati aijaze mchanga, aumwagie maji asubuhi na jioni. Chupa ya insulini aifunge vizuri katika mfuko wa plastiki, aiweke ndani ya chungu cha ndani, afunike kwa kitambaa kilicholowa, na vyungu vikae kivulini penye upepo. Maji yanayokauka nje hupoza ndani, kama mtungi wa bibi ulivyofanya. Akiiona dawa iliyokuwa maangavu imekuwa na ukungu au chenga, asiitumie. Airudishe kliniki abadilishiwe.